Mchwa, Vita na Mkono wa Mwenyewe

Tarehe 18 Februari 1872, David Livingstone na Henry Morton Stanley waliwasili Kwihara, nje kidogo ya Tabora, wakitokea Ujiji. Livingstone alikuwa na mizigo iliyoletwa kutoka pwani na kukaa Unyanyembe muda mrefu ikimsubiri. Masanduku yalipofunguliwa ikaonekana mchwa wamewahi. Vitako vya bunduki vilikuwa vimeliwa, mitutu na mitambo imeshika kutu. Chupa za brandi nazo hazikuwa na kitu, na mahali pa vizibo palikuwa na magunzi ya mahindi. Stanley, kwa utani, aliwasingizia mchwa ulevi huo pia. Aliyekulia Tabora anawajua mchwa wetu: kitako cha bunduki watakula, fremu ya mlango watakula, lakini kuziba chupa kwa gunzi hawajui.

Nilikumbuka masanduku hayo nilipokuwa nasoma mkataba wa bima ya mali za nyumbani, ule wenye maandishi madogo ambayo wakala hupenda uyasome ukishalipa. Ndani yake, kama ilivyo katika mikataba mingi ya aina hiyo, mlikuwa na mambo ambayo kampuni haifidii. Kuchakaa, kutu na wadudu. Vita na uasi. Hasara ambayo mwenye mali ameisababisha kwa makusudi. Nikacheka peke yangu, maana historia ya bunduki za Unyanyembe, tangu siku za Livingstone hadi kuingia kwa Wajerumani, karibu yote imo katika mistari hiyo mitatu.

Bunduki zilikuwa nyingi. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza pale Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha, na zile walizozichoka zikashushwa Zanzibar na Bagamoyo, zikapanda barabara ya misafara mabegani mwa wapagazi hadi Tabora, na kutoka hapo Ujiji, Karagwe na Manyema. Nyingi zilikuwa gumegume na nyingine za fataki. Gumegume hushindiliwa kwa mdomoni, baruti kwanza, kisha risasi. Ukifyatua, jiwe linagonga chuma, cheche inaangukia baruti kidogo iliyowekwa kando, na kama Mungu amependa bunduki inalia.

Kama Mungu amependa, kwa sababu baruti nyeusi ni kitu cha kudeka. Imetengenezwa kwa shura, kiberiti na makaa, na ikishalowa haifai. Ukishapiga, masizi yake yanabaki ndani ya mtutu, yanavuta unyevu na kuanza kula chuma. Masika moja bila kusafishwa na kupakwa mafuta, silaha inageuka fimbo. Hapo ndipo naona ugumu wa mtu aliyekuwa na bunduki mia au mia mbili Unyanyembe. Mti wa kitako na chuma vyote vinataka ukavu na moshi, maana darini juu ya jiko ndipo mchwa wanapopachukia. Baruti haitaki kusogelewa hata na kiko. Ukiviweka pamoja, unachagua kati ya kupoteza kidogo kidogo na kupoteza vyote kwa mara moja. Tembe, nyumba yetu ya kuta nene za udongo na paa bapa la udongo, haishiki moto kirahisi kama ya nyasi, kwa hiyo ilifaa kwa baruti. Lakini miti iliyofunikwa na udongo ni karamu ya mchwa. Ushauri wa leo wa kuweka bunduki sehemu moja na risasi sehemu nyingine, kila kimoja na kufuli lake, unatokana na akili hiyo hiyo.

Mstari wa pili ni vita. Agosti 1871, miezi michache kabla masanduku ya Livingstone hayajafunguliwa, wafanyabiashara Waarabu wa Tabora waliondoka kwenda kumwadhibu Mirambo wa Urambo, Stanley akiwa pamoja nao. Walirudi wakikimbia. Mirambo akawafuata hadi Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji na kuchukua pembe na ng'ombe. Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa mji, aliuawa siku hiyo. Kule Kwihara Stanley alitoboa matundu ya kupigia risasi kwenye kuta za tembe, akapandisha bendera ya Marekani juu ya paa na kungoja. Mirambo hakufika. Nionavyo mimi, nyumba hiyo ilinusurika kwa sababu ilionekana ghali kuishambulia, na hiyo ndiyo ilikuwa bima pekee iliyolipa wiki ile.

Bima ya jahazi na ya meli ilikuwa inajulikana baharini, lakini iliishia ufukweni. Mbele ya Bagamoyo, hatari ilibebwa na bei. Matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, kama Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, walitoa vitambaa, shanga na baruti kwa mkopo, na mkopo wa bara ulikuwa ghali kwa sababu mkopeshaji alijua msafara unaweza usirudi. Kinga nyingine ilikuwa watu. Uliweka mali kwa mtu ambaye aibu ya kukudhulumu ingemgharimu zaidi ya mali yenyewe, au ulichanjana naye. Aprili 1876, Stanley na Mirambo, waliokuwa maadui miaka mitano tu nyuma, walichanja udugu. Wasomaji wa Ulaya waliiona kama kioja cha safari, lakini mimi naisoma kama mkataba: baada ya hapo mizigo ya ndugu haiguswi, na atakayeigusa atajibu kwa wawili.

Mirambo mwenyewe alikuwa na namna yake ya kutunza bunduki, nayo ilikuwa kutozitunza. Nyingi zilikuwa mikononi mwa rugaruga, vijana wake wa vita, na silaha inayobebwa kila siku mchwa hawaipati. Tatizo lilikuwa baruti, ambayo ilitoka pwani kupitia barabara waliyoikalia adui zake. Na kulikuwa na tatizo la pili, ambalo halikuonekana wakati yu hai. Alipofariki Desemba 1884, dola yake ilisambaratika kwa miaka michache, na bunduki zikaenda na waliozishika. Mali iliyogawanywa hivyo haiwezi kuibiwa yote usiku mmoja. Lakini pia hairithiwi.

Isike, mtemi wa Unyanyembe tangu miaka ya 1870, alikwenda njia nyingine. Alikuwa juu ya barabara yenyewe, akitoza hongo misafara, na alichokipata alikikusanya nyuma ya kuta za Kwikuru, makao yake. (Neno lenyewe ni ndugu wa Ikulu, ile ya Rais, huku kwetu lilikuwa jina la nyumba ya mtemi kabla halijafika Dar es Salaam.) Palikuwa na ghala la silaha na baruti ndani ya boma. Bunduki hizo sijui niziite zake au za Unyanyembe. Katika utemi, swali hilo huulizwa mtemi akishakufa.

Mwaka 1890 mambo mawili yalitokea karibu wakati mmoja. Agosti, Emin Pasha alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora. Mwezi mmoja kabla, tarehe 2 Julai, mataifa ya Ulaya pamoja na Marekani, Uturuki, Uajemi, Zanzibar na Kongo ya Leopold yalikuwa yametia saini Mkataba wa Brussels. Mkataba huo ulizungumza habari za kukomesha biashara ya watumwa, na kweli bunduki zilikuwa zikitumika kuwateka watu. Lakini vifungu vyake vya silaha vilifanya jambo jingine pia. Silaha zinazoingia ziwekwe katika ghala la serikali, zisitoke bila kibali. Bunduki ya mtu binafsi ipigwe chapa na mwenyewe apewe leseni yenye jina lake na chapa hiyo. Gumegume na baruti ya kawaida ziliachiwa nafasi ya kuuzwa. Bunduki za kisasa zikabanwa. Leseni ya leo, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ni mjukuu wa karatasi ile. Siipingi leseni. Ninachosema ni kwamba mwaka 1890 maana ya kutunza silaha ilibadilika: kabla ya hapo mwenye silaha ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ghala.

Kwa Isike, kukubali ghala la wengine kulikuwa ni kukubali utemi wa wengine. Mwaka 1892 Wajerumani walilishambulia boma lake zaidi ya mara moja na kushindwa kuliingia. Kuta zilishika, na baruti ilikuwapo ya kutosha. Januari 1893 alikuja Luteni Tom von Prince, na safari hiyo askari wake waliingia ndani.

Mtu aliyezingirwa katika boma lake ana mambo machache ya kufanya na ghala lililojaa. Anaweza kuliacha, na siku ya pili bunduki hizo zitaelekezwa kwa watu wake. Anaweza kutoa funguo. Isike aliingia ghalani akaiwasha baruti.

Ukuta wa udongo uliojengwa kuzuia moto usiingie haukuweza kuzuia uliotoka ndani. Wajerumani walimkuta kwenye kifusi angali na pumzi, wakamtoa na kumnyonga kwenye mti uliokuwa karibu.