Manamba, dagaa na wajukuu watano wa bibi

UE zimeisha, bumu liliisha kabla ya UE, kwa hiyo sasa nina muda wa kuandika lile nililowaahidi wale wa Kigoma wenzangu: historia ya kwetu ambayo haipo kwenye desa lolote. Wasio wa Kigoma nanyi karibuni, vuteni kiti.

Historia ya Kigoma tunayofundishwa (na ambayo Mungu akipenda nitaenda kuifundisha) ni historia ya vitu na wageni. Stanley kumkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Reli ya Kati, Wajerumani wakaianza Dar mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma 1914. Meli ya Liemba, ikaundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua na kuirudisha kazini 1927. Mwanafunzi anakariri, anajibu, anapata alama zake, anaenda kulala.

Ila ukikaa ukaifikiria hiyo reli, haikujengwa ili watu wa Kigoma wapunge upepo. Ilibeba mizigo na ilibeba watu. Na watu wakishapanda treni wakaondoka, watoto wanabaki na nani? Hapo kitabu kinanyamaza. Kwetu hakuna asiyejua jibu: wanabaki kwa bibi.

Tuanze na manamba. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf. Miche aliyoagiza kutoka Florida ilikuwa kama elfu moja, ikafika mizima 62 tu, ikapandwa kule Pangani. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote ya Tanga na Morogoro, mpaka mwaka 1964 nchi ikatoa tani kama 230,000. Sasa mkonge haujikati wenyewe, na watu wa jirani na mashamba hawakuwa na haja ya kuukata, walikuwa na mashamba yao. Ndipo wakatazama mbali. Kigoma ikageuzwa ghala la watu. Wenye mashamba ya mkonge wakaunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, mwaka 1944, kikafanya kazi hadi 1965. Mawakala wakawa wanachukua vijana wa Kasulu na Kibondo, na Warundi vilevile, wanapewa namba, wanapakiwa. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Ukifika shambani unapewa kipande, na mshahara ni mpaka ujaze siku 30 za kazi humo. Siku uliyougua haihesabiwi.

Hapa ndipo napenda mnisikilize vizuri, hasa ninyi wa uchumi mnaotucheka sisi wa ualimu. Ule mshahara ulipigiwa hesabu ya mwanaume mmoja asiye na mke wala mtoto. Profesa Shivji ameliandika hili katika kitabu chake cha 1986 kuhusu sheria, dola na tabaka la wafanyakazi Tanzania, kitafuteni maktaba. Mwenye shamba alimlipa mtu chakula chake na kodi yake ya kichwa. Mke je? Yuko kwao, analima. Watoto? Wako kwao, wanalelewa. Akizeeka? Anarudi kwao. Kwa maneno mengine, kuna mtu kule Buha alikuwa anamlipia mwenye mkonge sehemu ya gharama, kila siku, bila kujua na bila kuulizwa. Wanahistoria wanasema ni kijiji, ni uchumi wa kujikimu. Mimi nasema ni bibi! Kijiji hakiamki usiku kubembeleza mtoto.

Nasema hivyo kwa sababu bibi yangu mzaa mama ni tunda la hiyo hesabu. Alizaliwa miaka ya hamsini mwanzoni, upande wa Kasulu. Baba yake alikwenda mkonge, upande wa Korogwe. Baadaye mama yake akamfuata mumewe, na bibi na wadogo zake wawili wakaachwa kwa bibi yao. Mdogo wa mwisho alikuwa bado hajajua kutembea vizuri. Bibi hasimulii kama msiba, anasimulia kama mtu anayesema mvua ilinyesha. Anasema bibi yake alikuwa analima na mtoto mmoja mgongoni, wa pili amefungwa kamba kiunoni asiende mbali, na yeye bibi, mkubwa wao, ndiye mwangalizi. Umri wake anakisia miaka sita. Baba yake alirudi baada ya muda mrefu na blanketi na baiskeli. Bibi akamkimbia, alidhani ni mgeni.

Baadaye akaolewa Ujiji, na ndipo nilipozaliwa na kulelewa mimi. Nilikaa kwake mpaka darasa la nne. Ananiita "mke mwenzangu", maana babu tangu zamani hunitania kuwa mimi ndiye bi mdogo, nikifika likizo anauliza mbele ya watu kama nimemletea mahari au nimekuja kula tu. Wenzangu wa sosholojia mnajua huyu ni Radcliffe-Brown, aliyeandika mwaka 1940 kuhusu utani kwenye makabila mbalimbali, kwamba babu na bibi wanatania na wajukuu huku wazazi wakibaki na heshima na ukali. Sawa, nakubali. Lakini nadhani watu wa nadharia hawajaona faida yake ya jikoni. Mtoto wa miaka mitatu aliyeachwa na mama yake hawezi kuelezwa sababu. Anaweza kuchekeshwa. Utani wa bibi ni dawa ya usingizi.

Sasa hivi nyumbani kuna wajukuu watano, mkubwa ana miaka sita. Mapacha wa dada yangu, Bukuru na Butoyi, wanakaribia mitano. Wawili wa mjomba. Na kachanga ka binamu yangu, miezi kumi, kanaanza kushika kuta. Wote chini ya mabati mamoja na wazee wawili, mmoja mguu unauma na mwingine macho yamefifia.

Wa mjomba na kachanga wapo pale kwa sababu ya dagaa. Wasioijua kazi hii: dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku, kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola. Mwanga unawakusanya, wavu unapanda. Kwa hiyo kazi inataka giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina maana, samaki wanatawanyika, mitumbwi inapumzika. Mkewe mjomba na binamu yangu ni wachuuzi, wanatakiwa wawe Kibirizi kabla hakujapambazuka, mitumbwi inapofika, ndio bei inapokuwa bei. Kisha kuanika, kugeuza, kulinda kunguru, kuokota mvua ikinyemelea. Huwezi kufanya hayo na mtoto anayetambaa kwenye mchanga wa moto wenye dagaa.

Kwa hiyo bibi anahesabu mwezi kuliko shehe. Siku za giza watoto wanaletwa saa kumi usiku wamefunikwa kanga, wamelala, wanamwagwa kitandani kwake kama mafungu ya mchicha. Siku za mbalamwezi mama zao wapo, na bibi analala mchana. Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei, ziwa lilipofungwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, mjini watu walilia njaa, na walikuwa na haki ya kulia. Bibi alisema pole, halafu akaniambia kwenye simu kuwa hajawahi kulala hivyo tangu aolewe. Teh teh teh!

Kuna utafiti mmoja niliousoma ukanifanya nicheke peke yangu maktaba mpaka mtu akageuka. Kristen Hawkes na wenzake walikwenda kwa Wahadzabe, pale Ziwa Eyasi, hapa hapa Tanzania, miaka ya themanini. Walitaka kujua chakula kinatoka wapi. Wakakuta vikongwe wanachimba mizizi kuliko hata mabinti. Na mama anapojifungua na kupunguza kutafuta chakula, yule mtoto aliyeachishwa ziwa, uzito wake unategemea bibi amefanya kazi kiasi gani. Kutoka hapo wakajenga hoja kwamba huenda binadamu tunaishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu ya bibi hao. Hoja ina wapinzani, wanasayansi hawakosi kugombana. Ila fikiria, wazungu wamesafiri mpaka Eyasi wakaja kutuambia kwamba bibi anafanya kazi.

Watu wamepita Kigoma na vita pia, nalo siwezi kuliruka. Warundi 1972, Warundi tena 1993, Wakongo 1996 ilipofunguliwa Nyarugusu. Mwaka 2015 maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia, na ile ile Liemba ndiyo ikawa inawaleta mjini. Waliwekwa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambini. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka bibi mmoja nje ya uwanja na watoto wanne, wote wameshika kanga yake, kila mmoja pembe yake. Bibi yangu hakuuliza wazazi wako wapi. Aliuliza tu wamekula lini.

Narudi kwa dada, maana ndiye aliyenifanya niandike. Dada yangu yuko Dar mwaka wa tatu sasa. Ni dada wa kazi, analala kwa mwajiri. Analea watoto wawili wa watu, mmoja umri sawasawa na mapacha wake. Anawaogesha, anawalisha, anawaimbia zile zile za bibi. Mapacha wake wako Ujiji. Anatuma hela kwa simu, akiweza.

Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilitaja kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Kabla ya hapo, tangu 2013, ilikuwa 40,000. Hoja ni kwamba anakula na kulala kwa mwajiri. Haya, yeye anakula. Mapacha wanakula wapi? Nilipoisoma ile amri nikaona kipande cha manamba. Mtu mmoja, asiye na mtoto. Tofauti ni kwamba treni ya sasa imebeba msichana, na mkonge ni mtoto wa mtu mwingine. Mwajiri wa dada si mtu mbaya, dada mwenyewe anamsifu. Hesabu ndiyo mbaya, na ina miaka karibu mia.

Kuna mahali wamejaribu kuirekebisha. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa 1983 na bibi wengi wakabaki na mayatima, mradi wa Kwa Wazee pale Nshamba, Muleba, ulianza 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo kila mwezi na nyongeza kwa ajili ya wajukuu. Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 na zaidi anapata pensheni, ilianza na 20,000, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Huku bara pensheni ya kila mzee haipo. Ipo ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini, na bibi hakuingia kwenye orodha, nyumba ina bati.

Nilimweleza habari za Zanzibar. Akauliza, "Wanalipwa kwa kuzeeka tu?" Nikasema ndiyo. Akakaa kimya, halafu akasema basi wangemlipa na kwa mapacha, kuzeeka kwenyewe ni wao.

Wiki iliyopita kulikuwa na kikao cha ukoo kwa simu. Mjomba anataka mapacha wapelekwe Dar kwa mama yao. Dada akalia, mwajiri hana nafasi ya watoto wengine wawili, na akipanga chumba mshahara wote unaishia kwa mwenye nyumba. Mama yangu anasema angewachukua yeye ila naye yuko Mpanda kwa mume. Mimi nikasema nitakuwa likizo, nitasaidia mpaka chuo kifunguliwe. Wakanishukuru kama mtu anavyomshukuru mtoto aliyejitolea kubeba gunia.

Na Januari mapacha wanatakiwa kuanza darasa la awali. Ada hakuna tangu 2016, hilo ni zuri, lakini shule iko ng'ambo ya barabara ya lami na bodaboda zinapita kama zimekodiwa na Israeli. Bibi na mguu ule hawezi kwenda na kurudi mara mbili kwa siku huku ana kachanga mgongoni. Kikao kikakwama hapo, mpaka babu akakohoa, akasema atawapeleka yeye.

Mjomba akamkumbusha kwa adabu kwamba macho yake hayaoni hata mlango.

"Muache," bibi akasema. "Wao ndio watakaompeleka."