Mitihani ya udahili wa uzamili (Kamina)

Ni mitihani ambayo baadhi ya vyuo vikuu vya nje hudai kabla ya kumpokea mwombaji wa shahada ya pili au ya tatu. Mjini Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu 2015, humhusu hasa mhitimu anayetazama nje ya Kongo.

Hatua ya kwanza ni kusoma masharti ya kitivo chenyewe, kwani vitivo vingi vya Marekani vimeacha kudai GRE, mtihani wa jumla wa udahili wa uzamili unaofanywa kwa Kiingereza, na ada yake ni mzigo mkubwa kwa familia. GMAT ni ya masomo ya biashara. Aliyesoma kwa Kifaransa asiisahau Tage Mage, inayotumiwa na shule za biashara za Ufaransa.

Tangu Septemba 2023 GRE huchukua saa 1 na dakika 58. Alama zake hudumu miaka 5. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, hivyo swali lisiachwe tupu. Hesabu zenyewe ni za sekondari. Kinachomkwaza Mkongo ni maandishi: shuleni aliandika 2,5, mtihani huandika 2.5, nao 1,250 ni elfu moja mia mbili na hamsini, si moja na robo. Mazoezi ya hesabu yafanywe kwa Kiingereza tangu mwanzo.

GRE hufanyika pia nyumbani, lakini hudai intaneti thabiti na chumba cha peke yako. Umeme usipoaminika, ni heri kusafiri hadi kituo cha mtihani.