Kivushi: protini inayofunguka kwa zamu

Utando wa seli una unene wa nanomita chache tu, na kiini chake ni mafuta. Sukari na chumvi haziwezi kuyapenya mafuta hayo zenyewe. Zinahitaji protini iliyojikita ndani ya utando. Wataalamu huiita transpota, na neno linalokuja haraka kwa Kiswahili ni kisafirishi. Mimi nashika kivushi. Kusafirisha kwataka mwendo, ilhali protini hii haibanduki mahali pake: inapokea mzigo upande huu na kuuvusha hadi ng'ambo.

Kivushi kisichanganywe na mfereji, aina nyingine ya protini ya utando. Mfereji ukifunguka huwa wazi pande zote mbili, na ayoni hupita kwa mamilioni kila sekunde. Kivushi hakifanyi hivyo. Mwaka 1966 mwanasayansi Oleg Jardetzky alieleza kwamba protini ya aina hii lazima iwe na uwazi katikati, unaofunguka mara nje, mara ndani. Huko ndiko ninakokuita kufunguka kwa zamu.

Ilikuwa hoja tu, hadi maumbo yenyewe yalipoonekana. Mwaka 2003 fuwele za LacY, kivushi cha laktosi cha bakteria Escherichia coli, zilipigwa eksirei: uwazi ulielekea ndani ya seli, na upande wa nje ulikuwa umefungwa. Lakini umbo moja ni zamu moja tu, kwa hiyo wachunguzi husaka zamu nyingine hata kwa protini za ukoo uleule. GLUT1, kivushi cha glukosi cha binadamu, ilionekana mwaka 2014 ikiwa wazi kwa ndani. Mwaka uliofuata ndugu yake, GLUT3, ikaonekana wazi kwa nje.

Kivushi kinachotugusa zaidi Afrika Mashariki ni PfCRT ya kimelea cha malaria. Kimo kwenye utando wa kifuko ambamo kimelea humeng'enya himoglobini ya damu yetu, na humo ndimo klorokwini hujikusanya na kukiua. Vimelea sugu huivusha dawa hiyo nje ya kifuko. Usugu huo ndio uliofanya Kenya iache kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, na Tanzania mwaka 2001.

Umbo la PfCRT lilipatikana mwaka 2019 kwa hadubini ya elektroni inayotazama protini zilizogandishwa. Uwazi wake ulielekea ndani ya kifuko, kuta zake zikiwa na chaji hasi. Katika nafasi ya 76 ya mnyororo wa amino asidi zake, kimelea kisicho sugu kina lisini, yenye chaji chanya. Kwa sugu, mahali pake pana threonini, isiyo na chaji. Klorokwini ndani ya kifuko hubeba chaji chanya. Lisini huifukuza; lisini ikiondoka, dawa huingia kwenye uwazi na kuvushwa. Badiliko la amino asidi moja halitoshi kuleta usugu kamili, na mengi ya yale mengine yanayoandamana nalo yamepangana kwenye kuta za uwazi huohuo. Hapo ndipo mkemia anayetaka kukiziba kivushi hiki anapopaswa kuielekeza molekuli yake.