Ujira wa Msanifu: Habari za Mji wa Columbus, Indiana

Katika jimbo la Indiana, nchini Marekani, kusini mwa Indianapolis, uko mji uitwao Columbus, ambao kwa idadi ya watu wake, takriban 50,000 hivi leo, usingalitajwa sana nje ya jimbo lake, lau si ada moja iliyodumu humo kwa miaka mingi: wageni hufika makundi kwa makundi, hupandishwa basi mbele ya nyumba ya zamani katika barabara ya Tano, na huzungushwa na wenyeji waliojifunza kazi ya uongozi, wakionyeshwa shule za msingi, makanisa, benki, maktaba na kituo cha zimamoto. Mwaka 1991 wasanifu majengo wa Marekani waliupa mji huo daraja ya sita katika nchi nzima kwa ubora wa majengo yake, nyuma ya miji mikubwa kama Chicago, New York na Boston. Ajabu hiyo ina sababu, na sababu yenyewe yafaa kuelezwa kwa wasaa, kwa kuwa ndani yake mna tadbiri ambayo miji mingi ingaliweza kuifuata.

Asili ya mambo ni injini. Mwaka 1919 Clessie Cummins, aliyekuwa dereva na fundi wa aila ya matajiri wa benki iliyoitwa Irwin, alianzisha kiwanda cha injini za dizeli kwa mtaji wa bwana wake, W. G. Irwin. Kiwanda hicho kilikula fedha za tajiri yule mwaka baada ya mwaka, wala hakikupata faida ya kwanza ila mwaka 1937. Lakini baada ya hapo kilikua hata jina la Cummins likawa lasomeka katika injini za malori na jenereta ulimwenguni kote, na huku kwetu Afrika Mashariki pia. Aliyekisimamia katika kukua huko ni J. Irwin Miller, ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa dada yake W. G. Irwin. Aliingia kazini mwaka 1934, naye alikuwa mtu wa dini na wa vitabu, aliyesoma Yale na Oxford.

Jengo la kwanza la mtindo mpya lilikuwa kanisa. Usharika wa aila ile ulipotaka kujenga upya, kazi ilipewa Eliel Saarinen, msanifu Mfini aliyehamia Michigan, na mwaka 1942 likafunguliwa jumba la matofali na mawe ya chokaa, lenye umbo la sanduku, lisilo na matao wala nakshi za makanisa ya zamani, na kando yake mnara uliosimama peke yake, wenye kimo cha futi 166. Katika mji wa wakulima na wenye viwanda kulijenga jengo la namna ile kulihitaji moyo, madhali wengi walizoea kwamba nyumba ya ibada sharti ifanane na ile waliyoikuta babu zao. Katika kazi hiyo kijana Miller alijuana na Eero, mwana wa Saarinen, ambaye walikuwa karibu hirimu moja, na usuhuba wao ulidumu mpaka Eero alipofariki mwaka 1961.

Eero ndiye aliyepewa kazi ya benki ya aila ile, iliyokamilika mwaka 1954. Benki za zama zile zilijengwa kama ngome, zenye nguzo kubwa za kumtisha mtu, na makarani wakiketi nyuma ya vizimba vya chuma. Eero aliviondoa vizimba, akaizungushia benki kuta za vioo ili mpita njia aone watu na shughuli zao ndani, akaweka kuba tisa nyeupe katika paa la bapa, na kandokando akapanda miti. Yule mkulima aliyeona haya kuingia mahali pa fahari kuomba mkopo aliweza sasa kumwona karani tangu nje, naye akaingia bila hofu.

Lakini lililoubadili mji kabisa halikuwa kanisa wala benki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watoto waliongezeka, na mji ambao mwaka 1950 haukufika watu 20,000 ukalazimika kujenga shule kwa haraka, nazo zikaanza kujengwa kwa urahisi na bila ya haiba. Miller hakuridhika. Katika miaka hiyo ya 1950 aliiambia halmashauri ya shule kwamba mfuko wa hisani wa kampuni ungelipa ujira wote wa msanifu wa shule mpya, kwa sharti moja: msanifu achaguliwe na halmashauri yenyewe kutoka katika orodha ya wasanifu hodari, iliyotungwa na wajuzi wasiofungamana na kampuni. Shule ya kwanza kwa mpango huo, iliyopewa jina la Lillian Schmitt, ilisanifiwa na Harry Weese na kufunguliwa mwaka 1957. Kisha mpango ukaenea kwa majengo mengine ya umma, na hadi leo umelipia kazi zaidi ya 50.

Tazama jinsi mpango huo ulivyopimwa. Sisi watu wa pwani twaijua desturi ya wakfu, ambapo mwenye mali hutoa nyumba au shamba ili pato lake litunze msikiti au chuo milele. Miller hakutoa jengo. Matofali, saruji na kazi ya waashi vililipwa na wananchi kwa kodi zao, kwa hiyo shule ilikuwa yao, na neno la mwisho lilikuwa lao. Yeye alilipa lile fungu dogo la gharama ambalo halmashauri maskini hulikata kwanza, na ambalo likikatwa huharibu mengine yote. Wako waliosema kwamba tajiri anayeandikisha orodha amekwisha kuchagua nusu, na neno hilo lina uzito. Walakini tajiri aliyejenga peke yake angaliuachia mji kumbukumbu ya jina lake tu, ilhali huyu aliwazoeza wajumbe wa shule na wa zimamoto kuketi na wasanifu mashuhuri, wakiwauliza maswali na kuwakatalia. Wala haikuwa ihsani tupu: kiwanda kilihitaji mainjinia, na injinia mwenye watoto hakubali kuhamia mji mdogo usio na shule nzuri.

Mfano niupendao kuliko yote ni kituo cha zimamoto nambari 4, kilichosanifiwa na Robert Venturi na kukamilika mwaka 1968. Ni jengo dogo, lililokusudiwa kuwa la kawaida na la gharama nafuu. Uso wake wa mbele umepambwa kwa matofali meupe yenye kung'aa, ilhali ubavuni yameonekana matofali mekundu waziwazi, bila kuficha kwamba weupe ule ni ngozi tu. Katikati umesimama mnara uliopinda kama nusu duara, nao una kazi, kwa maana ndani yake huangikwa mipira ya maji ikauke baada ya moto kuzimwa. Na juu yake imeandikwa tarakimu 4, kubwa hata dereva aiona tangu mbali.

Katika barabara ya Tano mgeni huyaona mengi kwa mtazamo mmoja: maktaba ya matofali mekundu aliyoisanifu I. M. Pei, iliyofunguliwa mwaka 1969; uwanja mbele yake, ambapo tao kubwa la shaba la Henry Moore lilisimamishwa mwaka 1971, na watoto hupita chini yake; na ng'ambo ya barabara, kanisa la mzee Saarinen. Nyumba ya Miller mwenyewe, kazi ya Eero ya mwaka 1957, pamoja na bustani ya Dan Kiley, ilifunguliwa kwa wageni mwaka 2011. Ni nzuri mno, hasa ile sehemu ya kuketi iliyozamishwa chini ya usawa wa sakafu na kujazwa mito ya rangi. Lakini tajiri kujijengea nyumba nzuri si jambo la kuandikiwa historia.

Shida ya leo ni matengenezo. Ujira wa msanifu hulipwa mara moja, bali paa na mnara hudai kila kizazi. Benki ya aila ile ilianguka mwaka 2009, na jengo la vioo sasa hutumika kwa mikutano ya kampuni. Mnara wa kanisa la 1942 ulipoanza kubomoka, michango ilibidi ikusanywe ndipo uokolewe. Kanisa la pili, North Christian, kazi ya mwisho ya Eero katika mji huo, lenye pembe sita na ncha ya futi 192, lililokamilika mwaka 1964 baada ya kifo chake, lilibaki na waumini wachache hata usharika ukavunjika mwaka 2022. Likachukuliwa na maktaba ya wilaya, ambayo sasa ndiyo yenye mzigo wa kulitunza kwa fedha za walipa kodi wale wale waliojenga shule.