Vifupisho vya Majina katika Daftari za Kale za Parokia

Mnamo mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, aliamuru kila parokia iwe na daftari ya ubatizo, ndoa na mazishi. Tangu hapo hadi tarehe 1 Julai 1837, serikali ilipoanza kuandikisha vizazi na vifo katika England na Wales, daftari hizo zilikuwa ndizo ghala kuu la historia ya watu wa kawaida, ambao aghalabu hawakuacha wasia wala hati za mashamba. Lakini azifunguaye hakuti William, Thomas na James, bali Wm, Thos na Jas. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vifupisho hivyo ni mfumo wenye kanuni, na kwamba kuvifumbua kwa kubahatisha huzua watu wasiopata kuishi.

Kanuni ya kwanza ni kubakiza mwanzo wa jina na kuipandisha herufi ya mwisho juu ya mstari: Wm, Robt, Richd, Saml, Margt. Ya pili ni kuukata mkia: Geo, Benj, Eliz. Katika kanuni ya kwanza irabu ndizo zinazodondoka zaidi, na konsonanti ndizo zinazolibeba jina. Jambo hili halitamshangaza aliyezoea kusoma barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu bila alama za irabu. Ya tatu ni urithi wa Kigiriki: katika Xpher, yaani Christopher, herufi X na p zinasimama mahali pa herufi mbili za kwanza za jina la Kristo katika lugha hiyo.

Mitego nayo ipo. Jno ni John, wala si Jonathan. Jas ni James na Jos ni Joseph, ilhali a na o za mkono wa haraka hufanana mno. Josh, ambayo msomaji wa leo ataidhania Joshua, mara nyingi ni Joseph, kwa kuwa h ndiyo herufi yake ya mwisho. Tena baadhi ya makasisi waliandika kwa Kilatini, ambamo Jacobus ni Jacob na pia ni James. Hapa Mswahili yumo hatarini kuliko wengine, madhali Biblia yake humwita Yakobo mwana wa Isaka na mtume vilevile, na huenda asihisi kwamba Waingereza wana majina mawili.

Tuseme mtoto alibatizwa akaandikwa Jno, kisha akaoa akiitwa John. Mnakili akiandika Jonathan katika faharasa yake, mtu mmoja amekuwa wawili: mmoja hana ndoa, mwingine hana wazazi. Kizazi kizima hukatika hapo, na watakaoitegemea faharasa hiyo bila kuiona daftari yenyewe hawatajua ni wapi kilipokatikia.

Kwa hiyo hapana budi kwanza kulinganisha kifupisho na maandishi mengine ya mkono uleule. Pili, kutazama nakala ambazo parokia zilitakiwa, tangu 1598, kumpelekea askofu kila mwaka. Huenda jina lililofupishwa katika daftari limeandikwa kwa ukamilifu humo. Tatu, kwa ndoa za tangu 1754, kutazama saini za maarusi wenyewe, pale walipojua kuandika. Na katika kunakili, kifupisho kiachwe kama kilivyo, na ufumbuzi utiwe katika mabano ya mraba: Jno [John]. Hivyo msomaji ataona ni lipi neno la karani na lipi la mhariri.

Kanuni hiyo yawahusu pia wanaohariri hati zetu za pwani. Karani aliyefupisha alimjua aliyemwandika, na waumini wenzake walimjua pia. Sisi tumebakiwa na herufi tatu tu, na hatuna ruhusa ya kuzibadili kimyakimya.