Kicheko cha Kashasha: "huna kitu" si jibu

Umewahi kwenda hospitali unaumwa kweli, vipimo vikatoka safi, daktari akakwambia "huna kitu" na kumwita anayefuata? Basi twende Kashasha.

Tarehe 30 Januari 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana kijijini hapo (wakati ule Wilaya ya Bukoba, leo Muleba), wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hadi shule inafungwa 18 Machi, walioathirika walikuwa 95 kati ya 159. Wasichana wakarudi makwao, na huko Nshamba wakapatwa watu 217.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walipima damu na maji ya uti wa mgongo. Hawakukuta kitu. Wangeweza kuishia hapo, lakini waliwasikiliza pia. Wagonjwa walisema kuna vitu vinatembea kichwani, na kuna mtu anawakimbiza. Hayo yakaingia kwenye ripoti yao ya 1963, pamoja na jina la wenyeji: *enwara yokusheka*, ugonjwa wa kucheka. Hitimisho lao lilikuwa histeria ya kundi, yaani dalili za kweli zinazosambaa kati ya watu bila kimelea wala sumu.

Hakuna aliyekufa, ndiyo maana leo watu wanakisimulia kisa hiki kama kichekesho. Lakini wale wasichana walikuwa wanaogopa. Maabara ikikosa kimelea haijasema mgonjwa anadanganya. Wewe unayesomea udaktari, kabla hujasema "huna kitu", muulize kwanza anaogopa nini.