Njia za Baiskeli za Nchi Tambarare: Nani Aliyezilipia?



Majuzi rafiki yangu mmoja alinitembelea hapa Uholanzi akitokea Muscat. Jumapili nikamtoa kwa baiskeli, mwendo wa pole pole, kilomita kama thelathini hivi: mashamba, mifereji, daraja la mbao, kisha hifadhi yenye matete na bata bukini wasiohesabika. Hatukukutana na gari hata moja kwa muda wa saa nzima. Tuliporudi nyumbani akavua viatu, akashushia chai, akasema: "Wenzetu hawa Mungu kawajaalia. Nchi yao tambarare kama sinia, wataacha vipi kupanda baiskeli?"

Nilinyamaza, kwani mgeni ni mgeni. Lakini hoja hii ya sinia nimeisikia mara nyingi mno, hata kwa wasomi wenzangu, na mie nilivyosomea historia hainiingii. Ingekuwa utambarare ndio sababu, basi Unguja upande wa uwanda, kutoka Paje mpaka Makunduchi, ingekuwa na njia za baiskeli kabla ya Amsterdam. Naomba basi nieleze ninavyoijua habari hii. Dai langu ni moja tu: njia hizi hazikuota kama majani. Zilijengwa, zikapiganiwa, na kila kipande kina mtu aliyekilipia, mara nyingi si yule anayekistarehea leo.

Tuanze na hilo sinia lenyewe. Sehemu kubwa ya utambarare wa hapa ni kazi ya mikono. Mhandisi Cornelis Lely ndiye aliyechora mpango wa kuifunga ghuba ya Zuiderzee, na lile boma la kilomita 32, Afsluitdijk, likakamilika mwaka 1932. Ndani yake bahari ikageuka ziwa, kisha vipande vya ziwa vikakaushwa kimoja baada ya kimoja. Kusini mwa Flevoland kulikauka mwaka 1968. Leo ukiendesha baiskeli huko uko mita kadhaa chini ya usawa wa bahari, na samaki walikuwa wakipita hapo ulipo wakati baadhi yetu tumeshazaliwa. Hata ile hifadhi maarufu ya Oostvaardersplassen ilikuwa bonde lililobaki na maji, lililokusudiwa liwe eneo la viwanda. Viwanda vikachelewa, matete yakawahi, ndege wakaja, na watu wakaanza kusema pasiguswe. Kwa hiyo hata "maumbile" ya hapa yana tarehe na yana vikao nyuma yake. Na mwenye kudhani tambarare ni raha tupu hajakutana na upepo wa huku. Mlima una upande wa kuteremka, upepo wa Flevoland hauna.

Sasa njia zenyewe. Mwaka 1883 wapanda baiskeli waliunda chama chao katika mji wa Utrecht, ambacho baadaye kikajulikana kwa herufi ANWB. Hawa hawakuwa watu wa kawaida. Baiskeli wakati ule ilikuwa kitu cha mabwana wenye nafasi, waliotaka kutembea Jumapili kuangalia nchi yao. Mwaka 1885 wakapata njia yao ya kwanza pale Maliebaan, Utrecht. Mwaka 1894 chama kikaanza kuweka vibao vya kuelekeza njia, na mwaka 1919 vikaja vile vidogo vya chini vyenye umbo la uyoga, ambavyo hadi leo utavikuta msituni na kwenye nyika. Mwaka 1914 katika eneo la Gooi na Eemland watu waliunda chama cha kujenga njia za baiskeli mahsusi kwa matembezi, njia nyembamba za kupita vichakani na misituni. Zingatieni hapa: njia ya starehe ni kongwe sana katika nchi hii, na mwanzoni ilikuwa starehe ya wachache.

Kisha baiskeli ikashuka bei, ikawa ya kila mtu, mfanyakazi wa kiwandani, mwalimu, mtumishi wa nyumbani. Na serikali nayo ikaona pesa. Mwaka 1924 ikaletwa kodi ya baiskeli, guilder tatu kwa mwaka, na aliyelipa akapewa kibati cha kufunga kwenye baiskeli yake. Sehemu ya fedha hizo iliingia katika mfuko wa barabara, na barabara zilizojengwa zilimfaa zaidi mwenye motokaa kuliko mwenye pedeli. Ilipofika ile dhiki ya miaka ya 1930, wasio na kazi wakaruhusiwa kupata kibati bure. Lakini sikilizeni sharti lake: kibati hicho kilitobolewa tundu ili kila mtu ajue kwamba huyu hakulipa, na Jumapili mwenye kibati cha tundu hakuruhusiwa kupanda. Yaani kazi utaitafuta kwa baiskeli, lakini kutembea na wanao ukaone ziwa, hiyo si haki yako. Mie kila nikisoma habari hii huona uchungu wa aina yake. Kodi ile ilifutwa mwaka 1941 na Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi, na ni haohao ambao baadaye waliwanyang'anya watu baiskeli zenyewe.

Hapa wengi wetu tunaruka moja kwa moja kufikia leo, kana kwamba baada ya vita mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Miaka ya 1950 na 1960 Uholanzi iliikimbilia motokaa kama nchi nyingine yoyote. Mitaa ilibomolewa kupisha barabara, na waendesha baiskeli wakapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1965 vijana wa Amsterdam walioitwa Provo, wakiwa na Luud Schimmelpennink, walipaka baiskeli rangi nyeupe wakaziacha barabarani bila kufuli, mwenye kuhitaji achukue. Polisi wakazikamata, kwa hoja kwamba baiskeli isiyofungwa inakaribisha wizi! Mwaka 1971 peke yake watu wapatao 3,300 walikufa katika ajali za barabarani, na zaidi ya 400 miongoni mwao walikuwa watoto. Mwandishi wa gazeti, Vic Langenhoff, aliyefiwa na bintiye katika ajali, aliandika makala yenye kichwa cha habari kinachosema wazi: acheni kuua watoto. Kichwa hicho kikawa jina la harakati iliyoanza mwaka 1973. Wazazi walikaa chini katikati ya barabara pamoja na watoto wao. Mwaka huohuo ikaja shida ya mafuta, na kuanzia tarehe 4 Novemba 1973 serikali ikapiga marufuku magari Jumapili kwa majuma kadhaa. Watu wakatoka na baiskeli kwenye barabara kuu, wakaona kwa macho yao nchi yao inavyoweza kuwa. Mwaka 1975 kikaundwa chama cha kutetea wapanda baiskeli, na taratibu fedha za kujenga njia zikaanza kutolewa.

Ni miaka hiyohiyo ya 1970 ambapo hifadhi ya De Hoge Veluwe, hekta zipatazo 5,400 za misitu, mchanga na nyika, ilianza kuwapa wageni baiskeli nyeupe bure. Wazo ambalo polisi wa Amsterdam walilikamata likapata hifadhi mbugani. Leo ziko zipatazo 1,800. Unaingia langoni, unachukua moja, unakwenda kwa raha zako mpaka kwenye jumba la sanaa la Kröller-Müller, unaiegesha, ukitoka unachukua yoyote iliyopo. Mali ile ilikuwa shamba la uwindaji la bwana Anton Kröller na mkewe Helene, matajiri wa meli na madini, walioanza kununua ardhi mwaka 1909. Hayo ya madini yashikeni, tutayarudia.

Kitu kinachowashangaza zaidi wageni wangu ni zile namba. Njiani kila penye makutano pana kibao chenye namba. Kabla ya kuondoka unatazama ramani, unaandika namba zako saba au nane kwenye kikaratasi, unakibandika kwenye usukani, basi. Hutafuti jina la kijiji, hujui lugha, hupotei. Sasa mtindo huu haukuzuka Uholanzi, ingawa Waholanzi waliudaka upesi. Ulizuka ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Limburg la Ubelgiji, mwaka 1995, na aliyeubuni ni Hugo Bollen, ambaye alikuwa mhandisi wa migodi ya makaa ya mawe. Inaelezwa kwamba wazo alilitoa mgodini: chini ya ardhi, gizani, mtu hujua alipo kwa namba za makutano ya njia.

Habari hii si ya kupita juu juu. Makaa ya Limburg yaligunduliwa mwaka 1901, na migodi saba ikachimbwa katika nchi iliyokuwa ya wachunga kondoo. Wakaletwa watu kutoka Italia, na kuanzia mikataba ya mwaka 1964 kutoka Uturuki na Morocco. Mwaka 1966 ulipotangazwa kufungwa mgodi wa Zwartberg, wafanyakazi walifanya ghasia na wawili wakauawa. Migodi ikaendelea kufungwa, na wa mwisho, Zolder, ukafungwa mwaka 1992. Fikirieni jimbo zima limebaki na vilima vyeusi vya mabaki na wanaume wa miaka arobaini wasio na kazi. Miaka mitatu tu baadaye ndipo zikazinduliwa njia za namba, takriban kilomita 2,000 zinazopita mabwawa, misitu na reli za zamani za makaa. Wageni wakaja, mikahawa ikafunguliwa, nyumba zikaanza kupokea wapangaji wa usiku mmoja. Mwaka 2006 eneo la Hoge Kempen likawa hifadhi ya taifa. Mwaka 2016 pale Bokrijk wakaijenga njia inayokatiza bwawani, ukipita maji yako usawa wa uso wako kulia na kushoto, na bata anakutazama jicho kwa jicho.

Nilipita hapo na mwanangu. Jirani na mji wa Genk tulisimama kunywa chai, na mzee mmoja wa Kituruki aliyesikia nikizungumza Kiswahili na mtoto akatuuliza tunatoka wapi. Tukazungumza. Alifanya kazi chini ya ardhi miaka mingi. Nikamuuliza, nawe wapanda baiskeli kwenye njia hizi? Akacheka, akagusa kifua: "Mapafu hayaruhusu." Sina la kuongeza hapo.

Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika hesabu hii ya madini. Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho baadhi yetu wa pwani hukicheka, kilikulia migodini chini ya makampuni ya Kibelgiji. Na ile tairi ya kutia upepo, ambayo Dunlop alipewa hataza yake mwaka 1888, ndiyo iliyofanya baiskeli iwe ya kustarehesha badala ya kuvunja mifupa. Mahitaji ya mpira yakapaa, ya baiskeli kwanza kisha ya motokaa, na bandari ya Antwerp ikapokea shehena za mpira kutoka ile iliyoitwa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold, 1885 hadi 1908. Namna mpira ule ulivyokusanywa mnaijua: wake waliwekwa rehani, vijiji vilichomwa, mikono ilikatwa. Wengi wa walioteswa katika misitu ile hawakuwa wasemaji wa lugha yetu, lakini ni jirani zetu. Sisemi kwamba kila tairi ilikuwa na damu, kwani mpira mwingi ulitoka Brazil. Nasema kwamba bwana wa mwaka 1895 aliyekwenda kuona maua Jumapili hakuwa na habari, na kutokuwa na habari kwake kulikuwa ni sehemu ya starehe yake.

Je, kwa hiyo tusipande? Hasha. Mie napanda kila wiki na naipenda. Ninachokataa ni ule usemi wa "Mungu kawajaalia", maana una madhara mawili. Kwanza unawafuta waliolipa: mwenye kibati cha tundu, wazazi wa mwaka 1973, yule mzee wa Genk. Pili, unatupa sisi udhuru wa kukaa. Ikiwa ni majaaliwa, basi kwetu hakuna la kufanya.

Nani asiyekumbuka baiskeli kwetu? Mwenye samaki akitoka pwani alfajiri, mkate kwenye karia, baba kampakia mama kwa upande na mtoto mbele. Barabara ya kusini inapita kandokando ya msitu wa Jozani, ambao tangu mwaka 2004 ni hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka. Kima punju walikuwa wakigongwa na magari pale mpaka yakawekwa matuta, na vifo vikapungua. Tazameni basi: mtu aliamua, saruji ikamwagwa, mnyama akaokoka. Hakuna majaaliwa hapo ila uamuzi. Lakini anayepita hapo na baiskeli yake yenye madumu bado anabanwa ukingoni na mabasi ya watalii, nchi ikiwa tambarare vilevile.

Mwenye kunisahihisha anisahihishe, na mwenye kumbukumbu za baiskeli za kwetu, hasa wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja, atuandikie kabla hazijapotea.

Wasalaam.